Umri si jina

Jua lilikuwa halijawa kali, na ndagala wa usiku walikuwa wameshatandazwa juu ya vichanja. Binti mmoja alimaliza safu yake, akajifuta mikono kwenye kitenge, akachomoa simu ya mama yake. Kioo chake kimepasuka kutoka kona hadi kona. Akafungua programu ya video, nayo kabla ya kumwonyesha chochote ikamuuliza swali moja: umezaliwa lini? Miaka ikajipanga kwenye kioo kama gurudumu linalozunguka ukilisukuma. Kidole gumba chake kilikuwa kimegandwa na magamba, kinang'aa kama kijiko kipya. Akasukuma mara moja, kwa nguvu. 2011, 2007, 1999 zikapita mbio, gurudumu likachoka lenyewe kwenye 1990. Akabonyeza hapohapo, na mlango ukafunguka.

Ana miaka 14. Mwaka 1990 mama yake alikuwa bado ananyonya. Mwaka huohuo Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto. Kifungu cha 16 cha mkataba huo kinampa mtoto haki ya faragha. Cha 17 kinampa haki ya kupata habari, kisha kinazitaka serikali zihimize miongozo ya kumkinga na habari zinazomdhuru. Vifungu hivi vimekaa jirani, ukurasa mmoja, na ugomvi wote wa leo umo katikati yao.

Ugomvi wenyewe ni huu. Nchi moja baada ya nyingine inatunga sheria ya kuzilazimisha kampuni za mtandao kuhakiki umri wa mtumiaji, zisiridhike na gurudumu. Ya Australia ilipitishwa mwishoni mwa 2024 na kuanza kazi tarehe 10 Desemba 2025: aliye chini ya miaka 16 hatakiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na kampuni inayozembea inaweza kutozwa faini inayofika dola za Australia milioni 49.5. Uingereza ilianza ukaguzi wake tarehe 25 Julai 2025, kwa tovuti za ngono na maudhui mengine ya hatari kwa watoto. Karibu nasi, sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inamtaka anayechukua taarifa za mtoto awe na njia ya kuhakiki umri na kupata ridhaa ya mzazi, na Aprili 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilitoa miongozo ya usalama wa watoto mtandaoni. Kwetu Burundi ipo sheria ya makosa ya mtandao ya Machi 2022, ambayo humshika mkosaji baada ya kosa. Swali la mlangoni linatufikia kutoka nje, limo ndani ya programu zenyewe.

Nimelipanga jambo hili kama baraza. Baraza lenyewe nimelitunga, chini ya mwembe ulio karibu na soko la samaki, na wasemaji sikuwapa majina, kwa sababu kila mmoja amebeba maneno ninayoyasikia kwa watu wengi wa mwambao huu wa ziwa.

MWALIMU WA SEKONDARI: Sitazunguka. Muuza duka akimuuzia mtoto pombe, mtaa mzima utamsema. Kampuni ikimwonyesha mtoto yuleyule uchafu saa sita za usiku, tunamsema mzazi. Mzazi gani? Huyu anayeamka saa tisa kupokea mitumbwi? Mimi nawaona darasani, wanasinzia. Nawaona wanaocheka pamoja juu ya picha ya mwenzao, na mwenzao hayupo, ameacha kuja shule. Ziwani tulikubali kwamba wavu wa matundu madogo unamaliza samaki wachanga, ukapigwa marufuku. Hatukumwachia kila mvuvi na dhamiri yake. Iweje huku kila mzazi aachwe na mtoto wake na simu yake?

FUNDI SIMU: Mwalimu, mfano wako naupenda, ila umeugeuza. Marufuku ya wavu inamkaba mwenye wavu. Sheria hii inamkaba samaki: simama, pimwa, onyesha uso wako, acha picha ya kitambulisho chako, ndipo upite. Na haimsimamishi mtoto peke yake. Mashine haijui nani ni mtoto mpaka imkague na mtu mzima. Ukisema "tuwakague watoto" umesema "tuwakague wote".

MWALIMU: Na wakikaguliwa wote, kuna ubaya gani? Mpakani tunakaguliwa. Benki tunakaguliwa.

FUNDI: Benki inajua jina lako kwa sababu inakutunzia pesa zako. Huyu anataka jina lako ili uangalie video. Oktoba 2025 kampuni ya Discord, ambayo vijana huongea humo wakicheza michezo ya kompyuta, ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watu wapatao 70,000 huenda zilionwa na wadukuzi. Watu hao walituma vitambulisho ili umri wao uthibitishwe, basi. Nywila ikiibiwa naibadilisha leo. Uso wangu na tarehe yangu ya kuzaliwa nitavibadilisha wapi?

MAMA, MUUZA NDAGALA: Mnazungumza kama kila mtu ana simu yake. Hii hapa ni moja, nasi tuko sita. Asubuhi ni ya biashara, napiga Bujumbura kuuliza bei. Mchana ni ya watoto. Jioni baba yao anasikiliza habari. Laini imesajiliwa kwa jina la kaka yangu, kwa sababu ziwa lilipopanda mwaka 2024 maji yaliingia ndani, na karangamuntu yangu, kitambulisho changu, ni karatasi. Ilikauka, lakini picha ilibaki kama moshi. Sasa programu ikiuliza umri, inamuuliza nani? Na ikimwamini kaka yangu, si imewafungulia wanangu wote?

Hapa nilitaka Mwalimu ajibu, na nakiri sikumwona na jibu. Sheria hizi zimeandikwa na watu ambao kwao simu ni kama mswaki, kila mtu na wake. Kwenye simu ya nyumba nzima, anayethibitishwa ni kifaa, na mtoto anapita nyuma ya mgongo wa mjomba. Sehemu ambako hata karatasi zenyewe zimelowa, wa kwanza kufungiwa nje atakuwa mtu mzima: mama wa miaka thelathini na kitu asiyeweza kuonyesha picha yake. Januari 2018 maelfu ya Wakongo walivuka ziwa kutoka upande wa Fizi wakateremka kwenye fukwe zetu, wengi na walichoweza kubeba mkononi. Wanaoishi hivyo, kila mlango wenye mlinzi wa makaratasi ni ukuta kwao.

MZEE, MVUVI WA ZAMANI: Mimi sijui programu. Naogopa orodha. Mwaka 1972 nilikuwa kijana. Mapigano yalipoanza huku kusini mwisho wa Aprili, na mauaji ya kulipiza yakafuata, watu walichukuliwa shuleni na maofisini kwa majina yaliyosomwa kwenye karatasi. Unaitwa, unatoka, hurudi. Mpaka leo nikisikia mtu anasoma majina kwa mfuatano, hata ya msaada wa mbegu, mgongo wangu unasisimka. Mwandishi wa karatasi huenda aliandika kwa wema, kwa mahudhurio ya wanafunzi, kwa mishahara. Lakini karatasi haina habari na nia ya aliyeiandika. Inamtumikia anayeishika.

MWALIMU: Mzee, hayo yalikuwa mauaji. Hapa tunasema usalama wa watoto.

MZEE: Najua tunachosema. Nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu nina upande wa pili pia. Tulivuka usiku kwa mtumbwi mpaka Kigoma. Nilikaa huko zaidi ya miaka thelathini. Niliporudi, shamba la baba yangu lilikuwa msitu wa michikichi ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa na karatasi. Mimi nilikuwa na kumbukumbu: mto huu, jiwe lile, kaburi la bibi. Nikaenda kwenye tume ya ardhi, ile iliyoundwa 2006. Wakaniuliza: una nini? Kwa hiyo karatasi ilitutoa, na kwa kukosa karatasi sikurudi nilipotoka. Sisemi watu wasiandikwe. Nauliza: karatasi inalala kwa nani? Ya shamba ningependa ilale kwangu na kwenye komini. Hii ya mjukuu wangu italala kwa nani, nchi gani, na nikiitaka nitagonga mlango upi?

Wengi wanaoandika juu ya faragha huiona kama anasa ya matajiri, haja ya watu wenye mapazia. Mwambao huu unafundisha kinyume. Hapa faragha imewahi kuwa tofauti kati ya aliyelala kwake na aliyelala ndani ya mtumbwi. Ndiyo maana siwezi kulisikia neno "hifadhi ya vitambulisho" nikatulia, hata likitamkwa kwa ajili ya watoto. Si lazima pawepo mtu mbaya leo. Inatosha orodha iwepo siku atakapofika.

Na mfano wa karibu zaidi ni wa Nairobi. Mwaka 2023 watu walipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC ili mashine ya Worldcoin ipige picha ya mboni za macho yao, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi zipatazo 7,000. Serikali ya Kenya ilisimamisha kazi hiyo mwanzoni mwa Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data zile zifutwe. Ilichukua karibu miaka miwili, katika nchi yenye sheria ya data, kamishna wa data na mawakili wanaojua njia ya mahakamani.

BINTI: Naruhusiwa kusema?

MAMA: Sema.

BINTI: Aliyesema amezaliwa 1990 ni mimi. Nilikuwa natafuta hesabu, milinganyo. Darasani tumejaa, wa nyuma hatuoni ubao, Mwalimu mwenyewe anajua. Kwenye video naweza kumrudisha mwalimu nyuma mara tano na hakasiriki. Mara nyingine natafuta mambo ya mwili wa msichana, ambayo nyumbani hayasemwi, na hata hapa mbele ya wazee sitayasema. Nikitakiwa kuweka jina langu ili niulize, sitauliza.

MWALIMU: Hakuna anayetaka kukuzuia hesabu, binti yangu.

BINTI: Najua. Lakini mlango ni mmoja. Na kuna jambo lingine. Aliyenisumbua kwa ujumbe mpaka nikabadilisha njia ya kwenda shule, si mgeni wa mtandaoni. Ni mtu tunayemjua. Ana karangamuntu yake, ana laini kwa jina lake, ana zaidi ya miaka thelathini. Mkipima umri mlangoni yeye atapita wa kwanza. Mimi nitabaki nje.

Baraza likanyamaza. Mama hakuwa amelisikia jambo hilo kabla ya siku ile, na alimtazama binti yake kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Binti hakukosea. Utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto kupitia mtandao ni mtu ambaye mtoto alikuwa anamjua tayari, na kwamba watoto wachache sana hufika polisi. Tunajenga geti la kumzuia mgeni, na mwizi amekaa sebuleni.

MWALIMU: Sawa. Naumia kuyasikia hayo, na baada ya hapa wewe na mama yako mtakuja kwangu. Lakini hoja yako inanisaidia mimi. Unataka mtu mzima asiweze kumfikia mtoto kwa ujumbe. Vizuri. Kampuni itajuaje kwamba wewe ni mtoto, isipokuuliza umri wako?

FUNDI: Isijue. Ifunge kwa wote. Akaunti yoyote ikifunguliwa iwe imefungwa tangu mwanzo: asiye rafiki asikuandikie, asione picha zako, asijue uko wapi. Anayetaka kujianika ajifungulie mwenyewe. Hiyo haihitaji kitambulisho cha mtu. Kampuni hazifanyi hivyo kwa sababu mtu aliyejifungia hawaletei pesa. Huo ndio wavu wako, Mwalimu. Sheria imkabe mwenye wavu.

MWALIMU: Na tovuti za ngono nazo utazifunga kwa wote? Au utamwachia mtoto wa miaka 9 aingie, kwa sababu unaogopa kumuuliza?

Fundi alikaa kimya. Nami katika hili nasimama na Mwalimu. Kuna milango ambayo kumuuliza mtu umri ni haki, kama baa inavyomuuliza. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiruhusu Texas kudai uthibitisho huo kwenye tovuti za ngono, na ingawa wengi waliipinga hukumu ile, siwezi kusema kwamba mtoto wa miaka 9 ana haki ya kuingia humo. Swali langu ni namna ya kuuliza. Mlinzi wa baa anakutazama, anakuruhusu au anakurudisha, na usiku ukiisha hakumbuki jina lako. Kitambulisho chako kinarudi mfukoni.

Njia ya namna hiyo mtandaoni inawezekana. Julai 2025 Tume ya Ulaya ilitoa mfano wa programu ya umri, na Denmaki, Ugiriki, Hispania, Ufaransa na Italia zikajitokeza kuijaribu. Kazi yake ni kuiambia tovuti neno moja tu: huyu ametimiza miaka 18. Jina halipiti, wala tarehe ya kuzaliwa, wala picha. Umri si jina, na sheria inayoshindwa kutenganisha viwili hivyo haijamlinda mtoto, imemwandikisha. Hata sheria ya Australia, pamoja na ukali wake, inakataza kampuni kudai kitambulisho cha serikali kama njia pekee.

Kuna wanaosema kitambulisho kiachwe, mashine ikadirie umri kwa kuutazama uso. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilizipima programu sita za aina hiyo mwaka 2024, na makosa karibu kila mara yalikuwa makubwa zaidi kwa nyuso za wanawake. Kosa hilo litamwangukia binti wa vichanjani mapema kuliko kaka yake.

Fundi alipopata tena sauti aliukumbusha mkutano jambo ambalo watu wa hapa hawahitaji kuelezwa. Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano yalipopamba moto Bujumbura, WhatsApp na Facebook zilifungwa kwenye simu, na tarehe 20 Mei 2020, siku ya uchaguzi, mitandao ikafungwa tena. Vijana walipenya kwa VPN, programu inayoficha mtumiaji yuko wapi. Uingereza ilipoanza ukaguzi wake, siku zilezile programu za VPN zilipanda juu kabisa kwenye orodha za kupakuliwa. Mwenye akili ya kompyuta anapita. Anayebaki mlangoni ni yule mama mwenye karatasi iliyolowa.

MAMA: Mimi nataka kusema kitu kwa mwanangu, si kwa kampuni. Simu ni yangu. Nikiichukua nikaangalia, usiseme nakupeleleza.

BINTI: Ukiangalia mbele yangu, sawa. Ukiangalia nikiwa nimelala, nitaanza kufuta.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto umeliona jambo hilo. Kifungu chake cha 10 kinampa mtoto faragha, kisha kinawapa wazazi haki ya kumsimamia kwa kiasi. Wanasheria wanaweza kubishana mwaka mzima juu ya "kwa kiasi". Binti ameipatia kipimo kwa sentensi mbili, na sijasikia kilicho bora.

MZEE: Fundi, wewe umesema sana juu ya vitambulisho. Wewe si ndiye unayesajili laini pale sokoni?

FUNDI: Ndiyo mimi.

MZEE: Unafanyaje?

FUNDI: Mteja ananipa karangamuntu, naipiga picha, naituma kwenye kampuni.

MZEE: Picha yenyewe ikishatumwa, inakwenda wapi?

Fundi hakujibu upesi. Alitoa simu yake, akafungua mahali pa picha, akaanza kuvuta kwa kidole. Karangamuntu ya kwanza, mezani, juu ya kitambaa cha maua. Ya pili juu ya kitambaa kilekile. Za miezi, za miaka, kuna zilizopigwa pembeni, kuna yenye kidole cha mwenyewe kilichoingia kwenye picha. Sura za watu wa Rumonge, wa Kizuka, wa Minago, majina ya baba zao na mama zao, tarehe za kuzaliwa. Kati yao kulikuwa na picha za harusi ya dada yake, na mtoto anayekula embe. Simu hiyo hulala kwenye meza ya duka, na haina nywila kwa sababu wateja huitumia kujaribu chaji.

"Sikuwahi kuzihesabu," akasema.

Mama alisogea. "Ya kaka yangu ipo?"

Wakaitafuta. Binti ndiye aliyeiona kwanza, akaigusa kwa kidole, ikajaa kioo kizima: mjomba wake, amekunja uso kwa jua. Fundi akabonyeza kufuta. Simu ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena.

"Na ya mume wangu," akasema Mama. "Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka juzi."

Fundi akavuta kiti, akaketi, akaanza kurudi nyuma mwezi kwa mwezi, na Mzee akasimama nyuma ya bega lake akitazama kila uso unaopita.